Kofi la Mwisho la Bwana Krahmer

Nyumba ya Mwoka Mikate,
Mtaa wa Lango la Chini,
Holzenroda.
12 Novemba 1824

Mpendwa mwanangu Ottilie,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Riga, wewe na mumeo na Wendelin wetu, na kwamba ile homa uliyoniandikia imeshakutoka kifuani. Chemsha maziwa na kitunguu, uyanywe yakiwa moto, na usimruhusu daktari yeyote akutoe damu. Mimi sijambo kwa umri wangu. Magoti yananisumbua kila theluji inapokaribia, na yale meno mawili ya upande wa kulia bado hayapo, kama ambavyo hayajakuwapo kwa miaka arobaini na saba. Lakini mikono inakanda unga vizuri kuliko ya yule kijana niliyemwajiri tangu mume wangu Barthel afariki.

Jana tulikula bata bukini wa Mtakatifu Martin. Jirani yangu Hedwig alikuja, akala paja zima, akalalamika kwamba ni gumu, kisha akaomba la pili. Anakusalimu. Anasema ukipata nafasi umtumie samaki wa kukausha wa huko kwenu, wale wadogo.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikaingiwa na wasiwasi, mara ya tatu niliisoma nimesimama, maana kiti hakikukalika. Umeniuliza juu ya utoto na masomo ya baba yako, mdogo wangu Leberecht, Mungu amrehemu, ili yule bwana mchapishaji ayaweke mwanzoni mwa kitabu cha nyimbo zake. Halafu pale chini, kwa mstari mmoja mdogo kana kwamba unaniletea salamu tu, unaniambia kwamba wakati wa Pasaka utamleta Wendelin awe mwanagenzi wa muziki kwa Justus Krahmer, katika nyumba ileile iliyomlea babu yake.

Ottilie, usimlete. Nakujibu hilo kwanza nisije nikafa katikati ya ukurasa. Usimpeleke mtoto katika nyumba ile. Najua baba yako alikuwa akisema mezani kwa watu, "Krahmer ndiye aliyenitengeneza," na wewe ukadhani anamsifu. Sasa kaa chini nikusimulie alivyotengenezwa, na huyo mchapishaji wako achague mwenyewe atakachokiweza.

Baba yetu alikuwa mtengeneza mapipa. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba muziki wa kwanza wa baba yako ulikuwa mapipa. Akiwa na miaka mitano alikuwa akipita karakana akigonga kila pipa kwa kifundo cha kidole, akisema hili limejaa, hili nusu, hili lina ufa kwa chini. Hakukosea hata mara moja. Wanunuzi wa bia walikuja kumtazama wakicheka, halafu wakaacha kucheka, maana aliwaonyesha mapipa waliyouziwa na watu wengine yakiwa na ufa.

Alipokuwa na miaka tisa, pipa kubwa lilimwangukia baba kifuani pale uani. Leberecht alikuwa ndani. Alitoka mbio kabla mtu yeyote hajapiga kelele, akasema, "Baba amevunjika." Alisikia, Ottilie. Alisikia tofauti ya pipa lililoanguka juu ya mawe na pipa lililoanguka juu ya mtu. Baba alikufa siku ya tatu.

Bwana Utz Krahmer, baba yake huyo Justus, alikuwa mwanamuziki mkuu wa mji. Yeye ndiye aliyepiga tarumbeta mnarani, arusini, mazishini na kanisani, pamoja na wanagenzi wake watano walioishi kwake. Habari za mtoto wa mapipa zilimfikia. Akaja, akamjaribu kwa fidla, akamwambia mama kwamba atamchukua bure kwa miaka sita. Mama alilia kwa furaha, akatia msalaba wake kwenye mkataba kwa sababu hakujua kuandika. Leberecht alikuwa na miaka kumi na moja.

Mwambie mchapishaji aandike tarehe hiyo, na chini yake aandike kwamba mwanafunzi alipigwa kabla hajavua koti. Alisimama mlangoni, akavua kofia, na Krahmer akamzaba kofi lililomwangusha juu ya viatu vya watu. Mtoto akauliza amekosa nini.

"Hujakosa kitu," Krahmer akamjibu. "Hilo la bure. Yanayokuja utayafanyia kazi."

Mwaka uliofuata mama naye alifariki, nami nikaenda kuomba kazi ya jikoni katika nyumba ile. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimepata mahali pazuri zaidi, lakini nilitaka niwe karibu na mdogo wangu, na nilifikiri mtu hampigi mtoto sana dada yake akiwa anatazama. Nilikuwa mjinga.

Nimtendee haki Krahmer: alifundisha. Fidla, zumari, tarumbeta, tromboni, ngoma, kinanda, vyote vilikuwa mikononi mwake, na hakumficha mwanagenzi hata kimoja. Mwenyewe alipiga fidla mpaka mimi nikisugua sakafu nikawa nimesahau brashi mkononi. Sijapata kusikia fidla kama ile tena, hata kwa wakubwa waliokuja baadaye kumtembelea baba yako. Ninalisema hili sasa kwa sababu nitahitaji kulirudia.

Alifundisha kwa fimbo ya mti wa hazeli. Akihesabu mapigo, la kwanza lilianguka mezani na la pili mgongoni mwa mtoto, mezani, mgongoni, wimbo mzima. Walipokosea kunakili karatasi za noti, alifunika kinanda juu ya vidole vyao. Na kwa tarumbeta alikuwa na mtindo wake. Mtoto akipiga vibaya, alisubiri chombo kiwe mdomoni, kisha akapiga mdomo ule mpana wa mbele wa tarumbeta kwa kiganja kutoka chini, na shaba ikarudi kwenye meno. Gangolf, mwanagenzi mkubwa, mtoto wa mfinyanzi, mcheshi wa kutuchekesha hata siku za njaa, alipoteza meno mawili ya mbele namna hiyo. Asiye na meno ya mbele hapigi tarumbeta. Alitimuliwa, akajiunga na jeshi la Prussia, hatukupata habari zake tena. Mimi ndiye niliyeyaokota meno yake sakafuni. Sikujua niyaweke wapi.

Nilikwenda kwa mchungaji. Nilimweleza yote, nikatoa hata yale meno kwenye kitambaa.

"Binti," akasema, "mimi nami nilicharazwa shuleni, na nitazame nilivyo leo."

Nilimtazama. Sikuona kitu cha kujisifia, nikarudi zangu jikoni.

Sasa nifike kwenye sikio. Kila siku saa nne asubuhi na saa kumi alasiri wanagenzi walipanda mnara wa kanisa, wakapiga wimbo mmoja wa ibada kwa sauti nne, wakielekea pande nne za mji. Mwaka wa nne wa mkataba, siku moja ya soko, baba yako alibadilisha sauti yake. Hakuvuruga wimbo. Aliacha ile sauti ya kati waliyozoea, akapiga nyingine aliyoitunga mwenyewe kichwani, ikapanda pale sauti za wenzake zilipokuwa zikishuka. Nilikuwa sokoni na kikapu. Wauza jibini waliacha kupima. Wenye mikokoteni walivua kofia. Mke wa meya akauliza kwa sauti, "Nani ametunga hiyo?" na kila mtu akageuka kumtazama Krahmer, naye akaelekea mnarani.

Alimsubiri chini ya ngazi za mnara. Baba yako alishuka akitabasamu, maskini, alifikiri atasifiwa. Krahmer alichomoa bomba la shaba la tromboni iliyokuwa mkononi mwa mwenzake, akampiga nalo sikio la kulia, mara moja, kwa nguvu zote. Damu ilitoka siku tatu. Nilikuwa nikibadilisha pamba asubuhi na jioni. Siku ya nne ilikauka, na sikio lile halikusikia tena mpaka alipokufa. Ndiyo maana ulipokuwa mdogo alikuwa akikuweka siku zote kwenye goti la kushoto.

Niliona chuki yangu inakua ndani ya mwili kama unga uliotiwa hamira. Kila nilipompelekea Krahmer supu niliitemea mate. Usishtuke, nimeshaungama kwa Mungu, na Hedwig anajua.

Halafu siku moja nilimletea maji ya kunyolea, nikamwambia ni moto, hakujibu. Nikarudia. Akageuka ghafla.

"Unasema upande wa kaburini, msichana. Hamia huku."

Alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto! Miaka mitatu nilikuwa nikimhudumia na sikujua. Akajipaka sabuni huku akinieleza, bila hasira, kama mtu anayeeleza alikozaliwa. "Kofi langu la mwisho hilo. Bwana wangu alikuwa na mkono mzito. Aliniachia moja, nami limenitosha."

Wewe umekulia mbali, kwa hiyo nikuambie kofi la mwisho ni nini. Mwanagenzi akimaliza miaka yake, wazee wa chama cha wanamuziki wanakusanyika nyumbani kwa bwana wake. Sanduku la chama linafunguliwa, lile la mwaloni lenye mikanda ya chuma, na likiwa wazi hakuna anayeruhusiwa kuapa wala kuketi wala kulifunga mpaka shughuli iishe. Mwanagenzi anangoja nje ya mlango. Bwana anaingiza mkono sandukuni, anatoa mkataba, ndipo mwanagenzi anaitwa. Mkataba unachanwa, na bwana anampiga kofi moja huku akisema, "Hili lipokee kwangu, na baada yangu usilipokee kwa mtu yeyote." Kisha anapewa upanga na hati ya kufuzu, naye ni mtu huru. Mabwana wengi wanagusa shavu tu, wanacheka, wanakumbatiana. Lakini kofi ni la bwana, analipima apendavyo. Na mwanagenzi akiinamisha kichwa au akiinua mkono, hakufuzu. Anarudi kazini miaka mitatu mingine.

Kiangazi cha mwaka wa sita, kiongozi wa muziki wa kasri la Mtawala alipita hapa, akamsikia baba yako, akamwandikia nafasi palepale: aende baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mkataba ukiisha, akiwa na hati yake mkononi. Kijana wa miaka kumi na saba, mtoto wa mapipa! Mji mzima ulifurahi. Wiki mbili kabla ya sikukuu, tukiwa mezani na kabichi chachu, Krahmer alifuta mdomo akasema:

"Utaenda kwa Mtawala, Leberecht. Mkataba ni mkataba. Lakini kofi la mwisho ni langu, na nimekuwekea la kushoto."

Kila mtu mezani alijua kwamba sikio la kulia limekufa. Mkewe, Mama Apollonia, aliweka kijiko chini. Akakiokota tena, akaendelea kula.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba yako mtoni ninapofulia nguo. Alikuwa akigonga vitu. Ndoo, jiwe, ubao wa kufulia, geti la kinu cha maji.

"Toroka," nikamwambia. "Leo hii, Leber. Nitakufungia mkate."

"Niende wapi bila hati, dada? Nani atanipa hata zumari ya kuchungia mbuzi?"

"Basi akirusha mkono, inama!"

"Miaka mitatu, Sibylla. Nafasi ya kasri haitaningoja miaka mitatu. Na nikimaliza miaka mitatu bado kofi ni lake."

"Sasa utafanya nini?"

"Nasikiliza," akasema, akagonga ndoo. "Nina wiki mbili. Nataka nijue kila kitu kinavyolia, nikiweke kichwani. Huenda mtu akakumbuka vya kutosha kutunga."

Nililia mpaka nikafua shuka moja mara mbili. Yeye hakulia. Nafikiri alikuwa akisikiliza na kilio changu.

Nilirudi jikoni, nikafunga mlango, nikasimama mbele ya gunia la unga lililoegemezwa ukutani. Nikalichorea uso kwa mkaa. Nikalipiga kofi kwa mkono wa kulia: likaangukia upande wake wa kushoto. Nikalipiga kwa mkono wa kushoto: likaangukia upande wa kulia, upande uliokwisha kufa. Nikarudia mara kumi, nikihakikisha, mpaka nikawa mweupe kwa unga kichwani. Mama Apollonia aliingia akaniuliza nimerukwa na akili. Nikamwambia kuna panya.

Mfuniko wa lile sanduku ulikuwa mzito kama mlango wa zizi, na fimbo ya kuushikilia ilikuwa imevunjika tangu zamani. Siku ya shughuli mtu alisimama nyuma akaushika. Ilikuwa kazi ya mtoto wao, Justus, aliyekuwa na miaka minane.

Siku ya Mtakatifu Mikaeli wazee watano walikuja wakiwa na panga zao viunoni. Kiongozi wa muziki wa kasri alikuja pia, akasimama karibu na dirisha. Leberecht alikuwa nje, mlango umefungwa. Justus alikuwa ameshika mfuniko kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uzito. Nilimnong'oneza kwamba nimemwekea keki ya asali jikoni, aende upesi, mimi nitamshikia. Alinitazama kwa shukrani. Macho yale nayaona mpaka leo.

Krahmer alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono wa kulia sandukuni. Nilingoja vidole vyake vifike kwenye ukingo vikiwa na karatasi. Mfuniko haukuniponyoka, Ottilie. Kwa miaka arobaini na saba nimewaambia watu uliniponyoka. Niliupiga kwa kiganja na nikaushukia na mwili wangu wote.

Alinguruma kama fahali. Walipoinua mfuniko, vidole vinne vilikuwa vimeelekea pande ambazo vidole havielekei, na mfupa mmoja ulikuwa nje, mweupe. Mkataba ulikuwa umelowa damu. Nilianguka magotini nikipiga yowe, nisamehe Bwana, umeniponyoka, nisamehe. Akaniinua kwa nywele kwa mkono wa kushoto, akaniachia, akanipiga ngumi. Meno mawili yalitoka papo hapo. Akanipiga tena nikiwa chini, akanipiga teke la mbavu, na wazee wakamshika. Nakuapia, katika maisha yangu yote sijapata kupokea kipigo kwa furaha kama kile. Kila ngumi niliyoipokea niliisikia ni ya kushoto.

Kiongozi wa kasri akasema aitwe mganga, shughuli iahirishwe.

"Sanduku liko wazi," akasema mzee wa chama. "Likiwa wazi halifungwi mpaka tumalize. Krahmer, utampa mwingine ampige kijana kofi badala yako?"

"Kofi ni langu," Krahmer akasema. Uso ulikuwa wa kijivu, damu ikimtiririka kiwikoni. "Mwiteni."

Baba yako akaingia. Aliniona sakafuni na damu mdomoni, akaona ule mkono, akasimama mahali pake. Krahmer akayasema yale maneno, hili lipokee kwangu, akazungusha mkono wa kushoto kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Likaangukia sikio la kulia. Leberecht aliyumba hatua moja, kichwa juu, mikono chini. Hakupepesa jicho.

Wakamfunga upanga. Wakampa hati.

Nilimsindikiza mpaka Lango la Chini nikiwa nimejifunga uso kwa kitambaa, nikitema damu njiani. Pale langoni alinihamisha upande wake wa kushoto.

"Dada, mfuniko haukuanguka."

"Uliniponyoka."

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Kinachoanguka chenyewe kinalia mara moja. Mimi nimesikia mara mbili. Kwanza kiganja chako, kidogo hivi, halafu kishindo."

Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, hata mke atakayemwoa. Akaapa juu ya upanga wake mpya, kisha akaniegemea shingoni akalia, sasa ndiyo analia, kijana mzima mwenye upanga, walinzi wa lango wakimcheka. Hayo ndiyo masomo ya baba yako. Mengine aliyoyapata kule kasri mchapishaji anayajua.

Ningependa niishie hapa nionekane shujaa. Lakini nimeamua kukuambia yote.

Mkono wa Krahmer uliunga vibaya. Hakushika fidla tena. Ile fidla niliyokuambia, iliyonifanya nisahau brashi, niliiua mimi, na nilijua ninachokiua. Na mimi nilifukuzwa siku ileile, Barthel akanioa na pengo langu, nikaishi vizuri. Lakini mtu aliyeulizwa kwa nini aliacha mfuniko ni Justus. Alikutwa jikoni na keki ya asali mdomoni. Baba yake alimfundisha muziki tangu siku ile kwa mkono wa kushoto, na duka la Barthel lilikuwa mkabala na nyumba yao, nilisikia kila somo. Miaka kumi nilisikia. Ningeweza kuvuka barabara niseme, "Si mtoto, ni mimi." Sikuvuka. Niliogopa, Ottilie. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na duka, na nilikuwa na mbavu ambazo bado ziliniuma.

Justus sasa ana miaka hamsini na mitano, ana mikono yote miwili mizima, na anawapiga wanagenzi wake kwa mkono wa kushoto, maana ndivyo alivyoona inavyofanywa. Leo asubuhi mmoja wao alikuja kununua mkate, mtoto wa umri wa Wendelin, mdomo umepasuka hapa katikati, mahali pa tarumbeta. Nilimuuliza nani. Akasema ameteleza. Nikampa mkate mweusi na kipande cha bata, nikamwacha arudi kulekule. Unaona? Hata leo sijavuka barabara. Lakini nikiibandika barua hii nitavaa shali langu nivuke, nimwambie Justus ukweli wa ule mfuniko. Atakachonifanya na anifanye.

Mlete Wendelin Pasaka, nawasubiri, lakini mlete kwangu, mlango wa upande wa mikate. Kinanda kidogo alichoniachia baba yako kipo, nimeweka chungu cha hamira juu yake lakini kinalia. Kisha mrudishe Riga ajifunze kwa mtu anayefundisha kwa mdomo.

Na simfoni yake ya mwisho, ile mliyoipiga kanisani kwenu alipofariki. Uliniandikia kwamba inaanza na ngoma peke yake, mara mbili, na kwamba mpigaji ameagizwa pigo la kwanza alipige kwa kiganja kitupu, dogo, na la pili kwa rungu, kubwa. Gazeti lenu likasema ni mizinga ya vita. Hedwig anasema ni radi. Sasa wewe unajua. Alitimiza kiapo chake, hakumwambia mtu, akawaachia wapiga ngoma.

Sanduku lile lipo mpaka leo sebuleni kwa Justus, na fimbo ya mfuniko haijatengenezwa. Wendelin akiingia Pasaka hii, atasimama mbele yake baada ya miaka sita. Mimi nitakuwa udongoni. Mfuniko atamshikia nani?

Nisalimie sana mumeo, na mama mkwe wako Benedikta, na yule mtumishi wenu mzee anayependa kunisalimu kila barua. Mbusu Wendelin sikio la kulia, halafu mbusu la kushoto. Mungu awafunike nyumba nzima, awape majira ya baridi mepesi na kuni za kutosha.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Sibylla Reusch, mjane wa Barthel